Injini ya boti ya mzae, ndani ya drum ya maji Makadara

Niaje wakuu.

Miaka yote mimi humu ni msomaji tu. Nacheka na vituko vyenu, nanyamaza, naenda kulala. Leo nina yangu, na siongezi chumvi. Kama kuna mtu wa Makadara humu alisikia ngurumo Jumamosi moja asubuhi akadhani tumefungua posho mill, pole sana, ilikuwa ni sisi.

Wacha nianze na hiyo injini.

Mzae wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa mtu wa ziwa, Port Victoria. Kabla apate kazi ya reli Nairobi alikuwa anavusha watu na mizigo kwa boti. Injini yake ilikuwa zile za kufunga nyuma ya boti, silinda mbili, unavuta kamba inawaka. Kazi ya reli ilipotokea, boti akauza. Injini akakataa. Akaipandisha kwa carrier ya basi ikaja Nairobi pamoja na Mama na kitanda.

Sasa fikiria. Makadara. Maji mengi unayoweza kuona huko ni mtaro ukifura mvua ikinyesha. Na sisi tuna injini ya boti nyuma ya mlango wa sitting room.

Tulikua nayo hapo. Tulitundika sweta za shule juu yake. Wageni walikuwa wanauliza hii inasaga nini. Mama aliishonea kitambaa cha crochet kama vile vya viti, na kila Krismasi mzae alikuwa anakitoa, anaipanguza, anaifunika tena. Alisema akistaafu itarudi majini.

Alistaafu, akaugua, akatuacha. Injini ikabaki nyuma ya mlango.

Haya. Majuzi masikio ya Mama yakaanza kuisha. Daktari akasema yatazidi kufifia, na hakuna cha kurudisha. Mimi naishi Kayole, lakini Jumamosi lazima nipitie Makadara nimsalimie. Siku moja tunakunywa chai, akaniambia bila kunitazama, "Okumu, sauti ya baba yako nimeisahau."

Nikamwambia kwa sauti ya juu, tuko na ile video ya harusi, si mzae anatoa hotuba.

"Si hiyo. Ya injini."

Nyinyi mliozaliwa mbali na maji niwaeleze kidogo. Kwetu enzi hizo kila injini ilikuwa na sauti yake, na wanawake walizijua zote. Ukisikia ya bwanako inapunguza moto, yaani inaenda polepole, kule mdomo wa mto, unaweka maji ya ugali jikoni. Boti ikigusa mchanga, unga unaingia. Mwanaume akifika apate maji hata hayajapata joto, bibi atachekwa wiki nzima, eti huyu hata mume wake hamjui.

Mama hakuwahi kuchekwa. Anasema ya mzae ikipunguza moto ilikuwa inakohoa. Inaenda vizuri, inakohoa, inaenda. Angeitambua hata akiwa usingizini.

"Masikio yakiisha kabla niisikie tena, basi," akasema, akamalizia chai yake.

Wakuu, hiyo "basi" ilinifuata mpaka Kayole. Sikuwa na raha.

Kwa stage ya Spine Road kuna fundi wa nduthi, hizi pikipiki za boda, rafiki yangu, anaitwa Njoro. Nikamwendea. Njoro hajawahi kuona ziwa, lakini hakuna injini inamtisha. Akaniambia, "Buda, hiyo ni nduthi tu imekosa magurudumu. Twende."

Tukaanza. Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa veranda ya Mama, magazeti yametandazwa chini.

Pistoni zilikuwa zimekwama kabisa. Tukamwaga dizeli kwa silinda tukaziacha zinywe. Kabureta ilikuwa imejaa kitu kama asali iliyoganda. Gasketi tulikata wenyewe na makasi. Siku tulifungua gia za chini tukapata grisi ya mzae bado laini, na ile harufu ikapanda, nikarudi utotoni mara moja, mzae ametoka kazini na ovaroli, ananipa mkono nimsalimie. Machozi yakanitoka, nikasingizia moshi wa jirani. Njoro akaendelea kupanguza gia, ana adabu yake.

Kuna kifeni kidogo cha raba huko chini, wanakiita impela, kazi yake ni kuvuta maji. Chetu kilivunjika mkononi kama mandazi ya juzi. Binamu yangu Kisumu akatafuta kingine, akakituma kwa parcel ya basi.

Siku ya kuwasha, tuliifunga kwa meza ya mbao uani. Njoro akavuta kamba mpaka akavua shati. Halafu ikashika. Moshi wa buluu, kelele, ploti nzima ikatoka nje. Njoro akaipa moto vile wanapea nduthi wakiionyesha watu, juu kabisa, mkono haurudi.

Mimi niliangalia dirisha. Mama alikuwa anachambua maharagwe, na hakuinua kichwa.

Sijui kama mnajua hiyo hisia. Umefanya kitu kwa ajili ya mtu mmoja, na majirani wote wamekisikia isipokuwa yeye.

Nikiwa bado nimeganda hapo nikasikia harufu ya raba inaungua. Kumbe injini ya boti inapozwa na maji ya ziwa. Ya nduthi inapozwa na upepo. Sisi tuliiwasha kwa hewa tupu na ile impela mpya ikaiva. Nikampigia binamu. Alicheka mpaka akaweka simu chini. "Nyinyi watu wa Nairobi mliwasha boti mezani?" Lakini akatuma ingine.

Wakati tunasubiri, Njoro akagundua kinacholeta kile kikohozi cha injini. Waya ya plagi moja ilikuwa imechoka, cheche zinaruka injini ikienda polepole. Akataka kuibadilisha. Nikakataa. Tukakosana kidogo hapo, kwa sababu fundi hapendi kuachilia kazi na kasoro. "Nitaambia watu nini? Eti nimerekebisha nikaacha ikiwa mgonjwa?"

Nikamwambia, "Hiyo ndiyo mzae. Iache."

Sasa ilibaki maji, na nyinyi wa Eastlands mnajua maji yetu. Yanakuja siku yanapotaka, na drum ya Mama hakuna anayeigusa. Hiyo ndiyo ya kupika, kufua, kuoga, mpaka bomba lilie tena. Nikamwomba. Nilitarajia vita. Akasema tu, "Chukua."

Njoro akatoa propela, tusije tukamwagia watu maji. Tukafunga ubao kwa mdomo wa drum, injini ikaning'inia, mguu wake ndani ya maji. Akavuta. Ikashika, na mara hii nikamwambia apunguze, apunguze tena, kama mtu anayeingia mdomo wa mto.

Ikaenda vizuri. Ikakohoa. Ikaenda.

Drum yote ilikuwa inaunguruma. Mama akatokea mlangoni. Akaja polepole, akaweka kiganja kwa drum, akakaa hivyo. Halafu akageuka akarudi ndani.

Nikajua tumechelewa. Nilimwonyesha Njoro azime, nikakaa kwa jiwe la kufulia. Maji ya drum yalikuwa meusi na mafuta juu, hata ya kuosha mguu hayafai. Nilijiona mjinga kamili.

Baadaye kidogo Mama Shiro, jirani wa mlango wa pili, akanijia na uso wa maswali.

"Okumu, mna wageni?"

"Hapana, kwa nini?"

"Mama yako amekuja kwangu na sufuria, anaomba maji ya ugali. Saa nne asubuhi. Nimemuuliza ugali wa nani saa hizi, ananiambia niharakishe, mwenyewe ameshafika mdomo wa mto."

Wakuu, nililia hapo mbele ya watu. Sioni haya kuandika.

Nikamwambia Njoro, "Washa tena. Usizime mpaka hayo maji yachemke."

Akawasha. Tukaiacha ikohoe mpaka Mama akatoka na mwiko mkononi, akatupa ishara tuingie, tunawe mikono. Kiti cha mzae hakuna aliyekikalia, na hakuna aliyetuambia tusikikalie.

Mimi nilichojifunza ni hiki: kabla urekebishe kitu cha mtu, uliza kwanza alikipendea nini. Pengine ni ile kasoro yenyewe. Na kama kuna sauti mzazi wako anaitamani, mtafutie leo, masikio hayangoji.

Haya, mnirushie mawe au mniambie: kwenu ni sauti gani ilikuwa inafanya mtu aweke maji jikoni?

Njoro bado ananiuliza kila wiki kama abadilishe hiyo waya. Bado namkatalia.