Fimbo ya Chumba cha Pili

Nyumba za kambi yetu hapa Ngombezi zimejengwa kwa safu, mlango kwa mlango, na kuta za ndani hazifiki kwenye bati. Juu pana uwazi. Ukikohoa, jirani anakupa pole. Ukiishiwa chumvi, unarushiwa pakiti kwa juu.

Nilitoka Kwaluguru baada ya darasa la saba, nikaja kukaa na mjomba anayekata mkonge. Kanisani mchungaji alitutaka sisi vijana tuseme kila mmoja ana karama gani, na atawatumikiaje wengine kwa karama hiyo. Mmoja alitaja kuimba, mwingine kuombea wagonjwa. Zamu yangu ilipofika nikatazama sakafu.

"Huyu karama yake ni kunyamaza," kijana mmoja akasema. Wakacheka, na mimi nikacheka.

Kesho yake mchana, watu wakiwa kazini, nilifungua Maandiko nikasoma kwa sauti, kujaribu tu. Nasoma polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Ukuta ukagongwa.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe una sauti! Endelea, mume wangu. Mgongo umenikataza kwenda kanisani, nimebaki kusikiliza kunguru."

Alikuwa bibi wa chumba cha pili. Binti yake alishinda kiwandani, yeye akashinda kitandani na maumivu. Tangu siku ile nilimsomea kila mchana. Alinikaribisha ndani, lakini mbele ya macho ya mtu sauti yangu hukwama. Akasema basi, ukuta unatosha. Nikifika mwisho wa fungu aligonga kwa fimbo yake: mara moja, endelea; mara mbili, rudia.

"Mume wangu, kobe angekuwa ameshafika Korogwe mjini na kurudi," alinitania. Lakini nikiharakisha, aligonga mara mbili. Alisema wasomaji wa haraka humwacha njiani, mimi namngoja.

Siku moja aliniambia, "Kufa siogopi. Naogopa kufa mchana, kambi ikiwa kimya hivi, hakuna hata mtu wa kuniita jina."

"Nitakuwa nasoma, bibi."

"Haya. Usinyamaze."

Mchana wa mwisho ulikuwa wa joto. Nilimwamkia, hakuitika, nikajua amesinzia, nikaanza kusoma. Mwisho wa fungu la kwanza ukuta ukagongwa. La pili, ukagongwa. Kila fungu mara moja tu, taratibu. Hakunitania wala hakutaka nirudie. Nikadhani amechoka. Nikasoma mpaka sura ikaisha.

Jioni nilimsikia binti akiingia na kuita, "Mama." Akaita tena. Sauti ile ya pili sijaisahau. Wanawake waliokwenda kumwosha walisema mwili ulikuwa umeshakakamaa. Aliondoka mapema, labda kabla sijafungua kitabu.

Baada ya matanga binti alikuja mlangoni kwetu.

"Mdogo wangu, siku ile ulimsomea mama?"

"Ndiyo, dada."

"Alikuwa anasikia?"

"Aligonga mpaka mwisho."

Akanitazama. "Aligonga na nini? Fimbo yake ilipasuka asubuhi ile. Niliondoka nayo kwenda kazini, fundi aitie msumari."

Nilitazama bati. Bati hulia jua likiwa kali, kila mtu wa kambi anajua. Lakini bati halingoji mwisho wa fungu.

Dada alikaa kizingitini, akalia kwa muda mrefu. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Mimi nilikuwa nalia kwamba alikufa kwenye kimya," akasema. "Kumbe ulikuwa unasoma."

Siku hizi naitwa kusomea wagonjwa, safu hata safu. Naingia mpaka ndani, nakaa karibu na kitanda, na bado naona haya. Watu husema Mungu amenipa karama ya utulivu, kwamba namwachia mgonjwa nafasi ya kupumua. Sijamwambia yeyote kwa nini nanyamaza kila mwisho wa fungu. Nasikiliza ukuta. Ukigongwa mara moja, naendelea.