Buluu Iliyoonekana Nyeusi

Kwenye benchi la mbao, nje ya chumba cha daktari wa macho, walikaa watu watatu, kila mmoja amefungwa bendeji kwenye jicho lililopasuliwa jana yake. Jicho la pili la kila mmoja lilikuwa bado na mtoto wa jicho, likingoja zamu yake, nalo liliwaonyesha dunia kama ionekanavyo kwenye kioo cha bafu lililojaa mvuke: watu wasio na kingo, milango iliyoyeyuka pembeni, taa zilizochanua kama maua ya maboga. Hakuna aliyekuwa na haraka. Ukungu una adabu yake. Humfanya mtu azungumze polepole, tena na asiyemjua.

Wa katikati alikuwa mzee mwembamba ambaye mtaani kwake walimwita Bwana Uzi. Kazi yake ilikuwa kuziba matundu ya nguo, lakini si kwa kiraka wala kwa cherehani. Alichomoa nyuzi kutoka pindo la ndani la nguo ileile, akazifuma juu ya tundu, uzi mmoja chini, uzi mmoja juu, mpaka ikawa kana kwamba tundu halikuwahi kuwapo. Ufundi huo alifunzwa na shangazi yake aliyemlea, mwanamke mkavu ambaye sifa yake ilikuwa moja tu: alikuwa akiisogeza nguo dirishani, akiigeuza, kisha akisema, "Sioni kitu." Kwa miaka thelathini na minne Bwana Uzi aliishi akiyangoja maneno hayo kutoka kwa wateja. Mara nyingi alijiuliza kama haikuwa ajabu mtu kumaliza umri wake akitengeneza mambo ambayo, yakiwa mazuri, hakuna ajuaye kwamba yametengenezwa.

Binti yake, karani wa posta, ndiye aliyemleta, na sasa alikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa akichukua matone. Baba na mwana walikuwa na mapatano. Mwaka mzima binti alikuwa amemsihi afunge kibanda chake, kwa kuwa macho yalikuwa yamechoka na mgongo umepinda kama kulabu. Mzee naye, kwa kiburi ambacho yeye mwenyewe hakukiamini sana, alikuwa amemjibu, "Siku nitakapoharibu nguo ya mtu, mwanangu, ufunguo nitakukabidhi kwa mkono wangu." Binti hakuwa mtu wa kusahau neno.

"Jamani, tutakaa hapa kama magunia mpaka lini?" alisema wa kushoto, mwanamume mwenye kifua kipana na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na walio juu ya ngazi. "Tupeane mikono. Kila mtu abahatishe mwenzake anafanya kazi gani. Kuona hatuoni, lakini kushika tunashika."

"Wa kwangu usiuvunje tu," alisema mama wa kulia.

"Ngoja kwanza. Dada, wewe huhitaji kushikwa. Sauti hii naijua!"

"Kila mtu anaijua." Mama yule akajikohoza, na sauti yake ikatandazwa kama shuka safi. "Abiria wa treni ya saa tatu na robo, mnaombwa kusogea upande wa pili wa reli."

"Lo! Kumbe ni wewe! Wewe ndiye uliyenichelewesha harusi ya dada yangu!"

"Mimi nilitangaza tu, kaka yangu. Treni hainiombi ruhusa."

Walicheka wote. Kisha mama yule, akiwa bado na kicheko kooni, aliwaeleza kwamba chumba chake cha kazi kiko chini ya ngazi za stesheni na hakina dirisha. Kwa miaka ishirini na mmoja amewaaga maelfu ya watu, na hajamwona hata mmoja akipanda. Wakati mwingine, alisema, huhisi kwamba hakuna treni yoyote, kwamba ni yeye tu anayeota na kuwahadithia watu ndoto hiyo. Bwana Uzi alisikiliza, akaona chumba kile kikielea mbele yake kwenye ukungu, na taa yake moja.

Wa kushoto akanyoosha mkono. Bwana Uzi aliupokea, akaupapasa kama apapasavyo kitambaa kigeni. Ngozi ilikuwa kama ganda la mkate uliosahauliwa tanurini, na kucha zilikuwa zimeliwa na saruji.

"Mpiga lipu," alisema.

"Hapohapo! Nusu ya kuta za mji huu nimezipapasa mimi kabla ya wenyewe kuhamia. Sasa lete wa kwako, mzee." Akaushika. "Laini! Huyu karani."

"Karani gani ana vitobo kwenye kidole cha shahada?" aliuliza mtangazaji, aliyekuwa ameuchukua mkono ule kwa zamu yake. "Vidole vyepesi hivi... Mzee, isije kuwa wewe ndiye unayetembelea mifuko ya abiria wangu."

Bwana Uzi alicheka mpaka bendeji ikamvuta. Akawaeleza kazi yake.

"Sasa kama haionekani," aliuliza mpiga lipu, "mteja anajuaje kama umeifanya?"

"Analitafuta tundu, analikosa."

"Ee! Basi mimi nimepotea njia. Lipu yangu kila mtu anaiona, na kila mtu ana la kusema."

Labda ni kicheko kile, au ule utamu wa kusikilizwa na watu usioziona nyuso zao, uliomfungua mzee ulimi.

"Wateja nao wana vituko," alisema. "Mwezi wa tatu mjane mmoja aliniletea koti la marehemu mumewe. Buluu iliyokolea. Kifuani lina tundu kama punje ya kunde, cheche ilirukia. Pindo la ndani halina nguo ya ziada, kwa sababu mume alinenepa na koti lilishapanuliwa. Basi nikatafuta uzi kwenye kopo langu, nikaupata, nikafuma siku mbili. Baada ya wiki karudi. Ati fundi, umenitilia uzi mweusi! Nikamwambia, mama, machozi ya mwaka mzima yamekuharibu macho. Nenda hospitali."

Mpiga lipu alipiga goti lake kwa furaha. Mtangazaji hakucheka.

"Naye akasemaje?"

"Alilikunja koti, akaondoka."

"Mwezi wa tatu wewe ulikuwa tayari na mtoto wa jicho?"

Bwana Uzi aliigusa bendeji yake. "Kidogo tu."

"Mimi kwangu ilikuwa saa ya ukutani," alisema mama yule kwa upole. "Nilisoma saa mbili, kumbe ni saa moja. Watu wakakimbilia treni ambayo haikuwapo. Ndipo nikaja hapa. Mpaka siku ile ningeapa kwamba naona vizuri."

Mlango ulifunguka. Muuguzi mwenye sweta jeusi, yule aliyempokea jana, alimwita ndani.

Bendeji ilipotolewa, kwanza ulikuja mwanga, mwingi na usio na umbo, kama mtu aliyefunguliwa dari juu ya kichwa. Kisha kingo zikarudi moja moja. Meza ikawa na pembe. Ukuta, alioudhania wa rangi ya maziwa yaliyochacha, ukawa mweupe, weupe wa kuumiza. Muuguzi akasimama mbele yake, kijana kuliko alivyomdhania, na sweta lake lilikuwa buluu iliyokolea.

"Binti, umebadilisha sweta?"

"Ni lilelile la jana, mzee wangu."

Bwana Uzi alilifunika jicho jipya kwa kiganja: sweta likawa jeusi. Akalifunika jicho la zamani: buluu. Alifanya hivyo mara nne, kama mtoto mbele ya kurunzi, naye muuguzi akatabasamu akidhani ni furaha. Mbele ya macho ya mzee lilipita kopo lake la nyuzi, na vidole vyake mwenyewe vikichagua kwa uhakika mkubwa. Ni nguo ngapi nyingine? Wangapi walikubali kimya kimya kwa sababu yeye ndiye fundi?

Alipotoka, mtangazaji aliinua uso kuelekea hatua zake. "Haya, mzee?"

"Alisema kweli yule mama," alijibu.

Binti yake alikuwa akija na chupa ya matone, amejaa furaha. Hakuna aliyejua ila watu wawili ambao asingekutana nao tena. Angeweza kunyamaza, kibanda kikabaki wazi, na mjane akabaki na macho yake mabovu ya kusingiziwa. Alisimama na wazo hilo kwa muda mrefu kuliko ambavyo angependa kukiri. Kisha akapiga moyo konde.

"Kabla ya nyumbani, mwanangu, nipeleke mahali pamoja."

Njiani alimweleza kila kitu. Binti alimshika kiwiko kwenye vivuko. Barabara ilikuwa imejaa rangi kiasi kwamba mzee alitembea kama anayepita ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Mjane alifungua mlango, akawatazama. Binti alimwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Fundi! Umekuja kunielekeza hospitali?"

"Nimetoka huko mimi, mama. Naomba nilione koti."

Alilileta, akalishika juu kutoka upande wa pili wa chumba. Bwana Uzi hakuhitaji kusogea. Doa lilikaa kifuani kama nzi kwenye sahani.

"Nililiharibu," alisema. "Halafu nikakudhalilisha. Nisamehe, mama."

"Koti ni koti," alisema mjane. "Lakini uliposema ni machozi, nilikaa wiki nzima nikijiuliza kama kweli naona. Na mambo mengine ninayoyakumbuka juu ya mume wangu, je? Hilo ndilo lililoniuma."

Mzee alitoa ufunguo mfukoni, akamwekea binti yake kiganjani.

"Wa nini huo?" aliuliza mjane.

"Wa kibanda. Tulipatana."

"Hayo ni ya kwenu. Mimi na doa langu tubaki na nani?"

Binti alilichukua koti, akalipeleka dirishani. Alilitazama doa kwa karibu, uzi chini, uzi juu, bila hata mmoja kukosea njia. Alikuwa hajawahi kuitazama kazi ya baba yake, kwa kuwa siku zote ilikuwa haionekani.

"Mkono haukukosea," alisema polepole. "Ni rangi tu." Akaufumbata ufunguo. "Ufunguo utakaa kwangu, Baba. Daktari amekataza sindano kwa wiki nne. Zikiisha nitakufungulia kwa ajili ya koti hili, na uzi nitauchagua pamoja nawe. Baada ya hapo tutakaa tuzungumze."

"Sawa, mwanangu."

"Wiki nne nitangoja," alisema mjane.

Bwana Uzi alilitazama koti, mabega yake mapana, mfuko mmoja uliolegea kuliko mwingine.

"Mwenyewe alikuwa akifanya kazi gani?" aliuliza.

Mjane alisogeza viti viwili.

"Alikuwa anachora mistari nyeupe barabarani," alisema. "Ile ya katikati. Kaeni, niwaeleze."