Miguu Iliyokanyaga Rubisi

Mpaka leo nikisikia harufu ya ndizi mbivu zilizopondwa pamoja na nyasi, namkumbuka Bashaka kabla sijaikumbuka pombe yenyewe, na wivu ule wa zamani unanirudia.

Bashaka alikuwa mtoto wa shangazi yangu aliyeolewa Ndama. Wajerumani walimchukua awe mpagazi, akautua mzigo njiani na kutorokea kwetu Nyakasimbi. Mchana alijificha ndani kabisa ya migomba. Jioni alikaa karibu na baba, juu ya kigoda changu. Baba alizichekea hadithi zake mpaka machozi. Nikizisimulia mimi hizo hizo, nilitumwa kuni.

Hayo ningeyavumilia. Lakini baba alikuwa ameniahidi kwamba safari ile ningekanyaga naye ndizi za rubisi, pombe yetu, kwa mara ya kwanza. Kwetu mwanamke haingii katika mtumbwi wa kukanyagia, na mvulana akiingia ameanza kuhesabiwa mwanamume. Siku ilipofika, vidole vya baba vilikuwa vimeliwa na funza, kutembea kwenyewe shida. Akamwita Bashaka.

"Wewe bado mwepesi, mwanangu," akaniambia.

Nikasimama nikizitazama zile nyayo pana zikipanda na kushuka, povu likizifunika.

Pombe ilipoiva akaja Kagoma, msaka watoro. Boma la Wajerumani lilimpa mbuzi wawili kwa kila mtu aliyemrudisha amefungwa. Alikuja na mbwa wake, kamba begani, akakaribishwa kama mgeni yeyote. Akanyonya mrija taratibu.

"Hii imekanyagwa na mtu mwenye nguvu," akasema. "Ni wewe, mzee, kwa vidole hivyo?"

"Vidole hivi hata mbuzi wako wangevionea huruma," baba akacheka.

"Basi nani? Au siku hizi mama watoto ndiye anayeingia mtumbwini?"

Baba akaniwekea mkono begani. "Huyu hapa. Nimepata mwanamume nyumbani."

Kagoma akanitazama miguu. "Hivi vijiti?"

Nilitakiwa kunyamaza tu. Sifa niliyoililia ilikuwa imeletwa mpaka mdomoni mwangu. Lakini nilijua ni ya Bashaka, na kupewa makombo yake kuliniuma kuliko kunyimwa.

"Si mimi," nikasema. "Ni Bashaka. Yumo migombani."

Mkono wa baba ukatoka begani mwangu polepole. Mbwa walikuwa wameshafunguliwa.

Walipompitisha uani, mikono imefungwa nyuma, Bashaka alisimama mbele yangu. Sijui kama alijua.

"Mtoe mjomba funza," akaniambia. "Taratibu, usiwapasue."

Hatukumwona tena.

Shangazi alipokuja kutoka Ndama kuuliza, baba alimjibu kwamba mbwa walimnusa. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nikashusha pumzi. Nilidhani baba anaificha aibu yake. Mpaka nilipolea wanangu ndipo nilipoelewa kwamba alidanganya mara mbili kwa ajili ya watoto: kwanza amwokoe Bashaka na kunipa mimi heshima, kisha aniokoe mimi na macho ya shangazi. Uongo wa kwanza nilimrudishia usoni. Wa pili niliupokea.

Shangazi alizeeka akiwalaani mbwa wa Kagoma. Kila alipokuja alinipapasa kichwa, akasema namkumbusha mwanawe, na mimi nilimwinamia ili afikie vizuri.