Mkalimani wa Mama Mkwe

Kabla ya kuolewa Mukurweini sikujua kwamba mtu anaweza kukataa chai kwa miaka miwili. Mama mkwe wangu aliweza. Kila akija kwetu nilichemsha maziwa mazito, nikatia sukari bila uchoyo, nikamletea kikombe kwa mikono miwili, naye akasema, "Nimeshiba." Saa nne asubuhi, ametoka moja kwa moja kuchuma kahawa, ameshiba! Mimi nilikuwa binti wa polisi aliyetoka magharibi mwa Kenya, nimelelewa kwenye laini za polisi, zile nyumba za askari pale Nyeri mjini, na kila mtu kijijini alijua kwamba yeye alikuwa amemchagulia mwanawe msichana mwingine, wa ng'ambo ya mto, aliyejua kubeba kuni mgongoni kwa kamba ya utosini. Kule kushiba kwake nilikuelewa vizuri, na kuliniuma kuliko matusi.

Ndipo kanisa letu likapanga safari ya kupeleka Injili Tanzania, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kiongozi wa akina mama alikuwa yeye mama mkwe. Mwalimu aliyepaswa kutafsiri akaugua wiki ile ile ya kuondoka, na mchungaji akanigeukia mimi. Kwenye laini za polisi kila nyumba ilikuwa na kabila lake, kwa hiyo sisi watoto tulicheza, tuligombana na kusuluhishwa kwa Kiswahili. Kigikuyu nilijifunza baadaye, kwa bidii ya mtu anayetaka kupendwa. Mama mkwe alipoambiwa, alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu, akasema kwa kuwa yeye Kiswahili hajui hata neno, basi atafanya nini.

Tulikodi basi. Wengine walibeba Biblia na blanketi. Yeye alibeba Biblia, blanketi na mkungu mzima wa ndizi uliofungwa kwenye gunia. Alisema hatuwezi kwenda kwa watu mikono mitupu, na tena nchi za watu hatujui wanakula nini. Gunia lilikaa kwenye kiti cha dirishani. Mimi nilisimama mpaka Nairobi.

Pale mpakani ofisa mmoja wa Tanzania alilipapasa lile gunia.

"Mama, umebeba nini?"

"Mwambie ni ndizi," mama mkwe akaniambia kwa Kigikuyu.

Nikamwambia. Yule ofisa alicheka mpaka akashika meza. "Ndizi! Mnapeleka ndizi kwa Wachaga? Si bora mngepeleka mchanga baharini!"

"Anasema nini?" akauliza mama mkwe.

"Anasema karibuni sana."

"Karibu ya kwao ni ndefu," akasema, akalifunga gunia lake.

Tulipofika jioni nilimwelewa yule ofisa. Migomba kushoto, migomba kulia, migomba mpaka nyuma ya kanisa. Chini ya migomba kahawa, na juu ya yote mlima wenye theluji. Tulikuwa tumesafiri mchana kutwa ili kufika Mukurweini tena. Na hao tuliokuja kuwaokoa walikuwa na kanisa la mawe lenye kengele, wakati letu lilikuwa la mbao. Lakini mgeni njoo, mwenyeji apone: akina mama wa pale waliupokea ule mkungu kwa vigelegele, wakaupika na nyama usiku ule ule, wakasema ndizi za Kenya zina utamu wake. Nikawapenda papo hapo. Mama mkwe alikula sahani mbili. Chai iliyoletwa na wenyeji aliinywa yote, na mimi nikaona wivu mpaka nikaona haya.

Jumapili kanisa lilijaa. Kwa desturi yetu sisi tuliookoka, ushuhuda si kujisifu. Unasimama na kuitaja dhambi yako hadharani, kwa jina lake. Naye mkalimani husema "mimi", kana kwamba dhambi ni yake. Nilikuwa tayari nimekiri ulevi wa fundi mmoja wa baiskeli na uchawi wa bibi mmoja wa Kiriaini, na watu walianza kunitazama kwa huruma.

Mama mkwe akasimama. Kabla ya kuanza aliniinamia. "Leo usinipunguzie maneno kama pale mpakani."

Nikashtuka. Amejuaje? Lakini alikuwa ameshaanza.

"Mimi nina kiburi," akasema, nami nikatafsiri. "Mwanangu alioa msichana nisiyemtaka."

Nikamgeukia. Akanichoma kiwiko ubavuni. Nikasema, "Mwanangu alioa msichana nisiyemtaka."

"Nilisema moyoni, binti wa polisi, mtu wa mbali, hajui hata kubeba kuni. Miaka miwili nimekataa chai yake. Nilisema nimeshiba, na njaa inaniuma."

Nilisema hayo yote, kwa sauti yangu, na kanisa likacheka. Mimi sikucheka. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Naye ndiye huyu hapa."

"Naye ndiye huyu hapa," nikasema, nikajielekezea kidole kifuani.

Kicheko kikakatika. Mama mkwe akanigeukia. Hakuwa akihubiri tena. Mikono yake, ile migumu ya kuchuma kahawa, ilikuwa ikikunja leso. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama nitamsamehe. Nikamjibu kwa Kigikuyu chake, maneno machache, nikamshika, tukalia wote wawili mbele ya umati wa watu wasiojua kilichosemwa.

"Dada, tufasirie!" mzee mmoja akaita kutoka nyuma. "Umemjibu nini?"

Mimi nilikuwa bado nalia begani kwake. Basi yule mwanamke asiyejua Kiswahili hata neno akajipangusa macho, akawageukia watu.

"Anasema amesamehe mimi," akasema, kwa Kiswahili. "Ati ilikwisha kitambo, alikuwa anangoja mimi tu. Huyu si bibi ya kijana yangu. Huyu ni mutoto yangu. Na reo chai atapika yeye, na mimi nitakunywa."

Kanisa zima likasimama kwa vigelegele. Yeye akaniinamia sikioni, akaniuliza kwa Kigikuyu, "Kuna neno nimepunguza?"