Robot Ilifagia Mbele Tuzike

Kwetu, kama muntu amekufa, nyumba haifagiwe mbele bamuzike, ni kungoja kwanza. Mwenye kufagia, ni kusema anafukuza maiti atoke mbio. Na kama mwenye kufagia ni bibi ya maiti, ndugu ya bwana batamusema mupaka siku yake ya kufa. Ile mambo, mutoto yangu wa mwisho anaiyua muzuri. Lakini ile kitu aliweka mu telefone yake haiyue.

Huyu mutoto anatumika ku mine ya shaba, njia ya Kinsevere. Wakati mugongo ilianza kunisumbua, aliniletea robot ya kufagia, ya muviringo kama mufuniko ya sufuria. Nyuma ya televizyo akaweka kasanduku kadogo, anakaita serveur. Yeye anaandika mu telefone kwa assistant, ile mashini inayibu kama muntu. Assistant anapitia mu kasanduku, na robot inaanza ao inasimama. Miye niko mu saloni hapa Makomeno, robot iko pa miguu yangu, lakini mwenye kuiamurisha iko kule mbali. Nilimuuliza: "Na miye, buton yangu iko wapi?" Akacheka. "Mama, hauna lazima ya buton. Miye niko."

Njo bwana yangu akakufa. Siku ya pili ya kilio, asubui, bamama balikuwa bameikala chini ku mikeka, saloni imejaa. Majina ya bote niko nayo mu kichwa, hata ya batoto balikuwa mu mugongo ya bamama yabo, lakini sitaiandika hapa. Pembeni yangu, dada mukubwa ya bwana yangu. Huyu mulamu, toka siku niliolewa, ananiangaria kama muntu wa duane ku mupaka anaangaria valizi ya musafiri.

Robot ikalia chini ya kabati, ikatoka, ikaanza kufagia. Bantu bakavuta miguu.

"Mulamu, uko na haraka?" dada ya bwana akaniuliza.

"Si miye."

"Ni nani basi? Nyumba ni ya nani?"

Nikamuita mutoto ku telefone. Alikuwa kwa fundi wa sanduku ya kuzikia baba yake.

"Simamisha kitu yako."

"Kitu gani, Mama?"

"Inafagia. Shangazi yako iko hapa."

"Mama, asubui nilimwambia assistant aandikie famille, nikamwambia bantu benyi bako nakuya kwa Mama. Aliniyibu ametuma maneno, na ameanzisha kufagia saloni juu ya bageni. Sikusoma mupaka mwisho."

"Bageni."

"Ngoja, namwambia asimamishe." Nikangoja. "Rezo ya internet haiko, Mama. Inazunguka tu."

"Hata hii ya huku inazunguka."

Robot ilikuwa imeshafika pa kiti ya bwana yangu, pale bulongo ya viatu yake ya shamba ilikuwa ingali chini. Ikapita mara moja, simenti ikabakia safi.

Nikasimama na ule mugongo yangu, nikaikamata, nikaigeuza tumbo yulu. Matairi ikaendelea kuzunguka mu hewa. Nilikuwa nimeshaona mutoto akitosha kasanduku ya buchafu ndani ya robot, nikaivuta. Nikarudia pale pa kiti, nikaimwanga yote chini, mbele ya macho ya bote: manywele, makombo ya mukate, na ile bulongo nyekundu.

Kisha mulamu akanyoosha kidole.

"Na pale pa mulango. Ilipita pale pia."

Nikapiga kasanduku na kiganja, hakukutoka kitu. Mulamu akasimama mwenyewe, akachota bulongo kidogo pale pa kiti, akaipeleka pa mulango, akaimwanga polepole. Aliporudia, akasogeza mukeka yake karibu na yangu.

Telefone ilikuwa ingali wazi pale ku mukeka yangu.

"Mama, rezo imerudi. Assistant anasema kasanduku ya buchafu haiko mu robot, tuirudishe njo iendelee."

Mulamu ndiye alimuyibu: "Mwambie angoje tuzike."