Hhando na Mashine ya Gololi

Hhando alizaliwa Ganako, lakini ujana wake aliumalizia Nairobi. Huko alifanya kazi kwa Mgoa mmoja aliyekuwa na mashine za michezo katika mahoteli. Unatumbukiza sarafu, gololi ya chuma inapanda, nawe unaihangaisha kwa mabawa mawili isije ikapotelea chini. Mgoa alimfundisha kuzifungua, kuzisafisha na kulehemu nyaya zake. Kuchora ramani ya nyaya hakumfundisha.

"Ramani ni rangi za nyaya," alisema. "Ukizijua rangi, umeijua mashine."

Hhando alirudi nyumbani na sanduku la vifaa na imani hiyo, na kwa miaka mingi vilimtosha. Hoteli za ukingo wa kreta zilikuwa na mashine, na magari ya hoteli yalikuwa yakimfuata Ganako. Kisha mpaka wa Kenya ukafungwa. Wageni wakapungua, vipuri vikakosa njia, na Hhando akawa anaua mashine moja ili nyingine iishi. Mipira ya mabawa aliikata kwenye tyubu za matrekta. Mwishowe ikabaki mashine moja tu iliyokuwa hai, ile ya baa ya Leonida pale Karatu.

"Fundi," Leonida alimwambia, "shilingi moja siku hizi hainunui kitu. Nataka mashine yangu imeze ile ya tano, yenye pembe."

Kulipanua tundu kwa tupa hakukumtisha Hhando. Kilichomtisha ni jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote, hata mke wake. Tangu masika, ukungu ulikuwa umeingia machoni mwake na haukuondoka. Watu wakijua, nani atamletea hata tochi? Shamba lake lilikuwa dogo na mgongo wake ulikuwa umechoka. Ufundi ndio uliobaki kuwa wake.

Akaifungua mashine mchana, milango ikiwa wazi. Tundu likapanuliwa vizuri, sarafu ikapita bila kukwama. Zikabaki nyaya mbili alizokuwa amezing'oa: mmoja mwekundu wenye mstari mweupe, mwingine mwekundu wenye mstari wa manjano. Alizisogeza hadi karibu na pua. Zote mbili zilikuwa nyekundu tu. Akachagua mmoja, akaulehemu kwenye koili, ule msokoto wa waya unaosukuma mabawa, kisha akamwita Inosenti, kijana aliyeitunza jenereta, aiwashe.

Mashine ikaunguruma. Kisha ukatoka moshi.

"Mzee, nyama imeiva?" mnywaji mmoja alipiga kelele. "Igeuze upande wa pili!"

Baa nzima ikacheka. Hhando alisikia mdomo wake ukisema kabla yeye mwenyewe hajaamua. "Ni jenereta. Inosenti ameikoleza mno."

"Mimi?" Inosenti aliingia akifuta mikono. "Mzee wangu, nimeiwasha kama ninavyoiwasha kila siku!"

"Juzi umenimwagia dizeli, leo umeniunguzia mashine," alisema Leonida. "Nenda kwenu. Nikikuhitaji nitakuita."

Inosenti alikitundika kitambaa chake chenye mafuta kwenye msumari, akaondoka bila kumtazama Hhando.

Hhando aliichukua koili iliyoungua akaenda nayo kwake. Aliisuka upya kwa waya wa redio iliyokufa, akihesabu mizunguko kwa vidole. Kwa kazi hiyo hakuhitaji macho. Ilitoka imara, imebana vizuri. Lakini ataifunga kwenye waya upi? Na ikiungua tena, atamsingizia nani?

Asubuhi alipofika baa, Saruni, mlinzi aliyetoka Arash, alikuwa ameketi mlangoni na rungu lake magotini.

"Baba, kizingiti hiki ni kifupi," alisema. "Mbona unakipanda kama mlima?"

"Miguu inauma."

"Miguu ikiuma mtu huiburuta. Kwetu tulikuwa na ng'ombe aliyeanza kuinua kwato hivyo hivyo mahali tambarare. Watu wakasema ana maringo. Baba yangu akasema hapana, macho yamekwenda."

Hhando alisimama akishika mlango. "Mlimfanyaje?"

"Tulimfunga kengele mwenzake, akawa anaifuata." Saruni alitema mate pembeni. "Lakini yule ng'ombe hakumsingizia mtu."

Hhando akaingia ndani. Leonida alikuwa akipanga chupa.

"Mama," alisema, "jenereta haikuwa na kosa. Mimi sioni. Nyaya zimenichanganya."

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

"Na ukaniacha nimfukuze mtoto wa watu?"

"Ndiyo, mama."

Leonida aliweka chupa chini, akajifunga kanga vizuri, akatoka mwenyewe kwenda kumtafuta Inosenti. Saruni akaja akainama juu ya mashine.

"Huu ni mwekundu wenye mgongo mweupe, kama fahali wa mjomba wangu Lembris," alisema. "Huu mwingine una mstari wa manjano. Ng'ombe wa namna hiyo sijamwona."

"Huyo ndiye wa koili. Niwekee mkononi."

Saruni akamshika kidole, akamwekea waya, na Hhando akalehemu.

Inosenti alirudi watu wakiwa wameanza kukaa. Hakusema shikamoo.

"Nisamehe, mwanangu," alisema Hhando kwa sauti ya chini.

"Kunisingizia ulinisingizia mbele ya watu. Sasa unaniomba radhi kwa kunong'ona?"

Hhando akainuka. Alitafuta kwa mkono ukingo wa meza, akawaambia waliokuwepo kwamba Inosenti hakuunguza chochote, kwamba fundi ndiye aliyekosea waya kwa sababu haoni. Safari hii hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alisogeza kiti ili apite, na ukarimu huo ulimuuma kuliko utani wa jana.

Jenereta ikawashwa. Sarafu ya pembe ikamezwa, gololi ikapanda, mabawa yakapiga.

"Usiifungue tena peke yako," Leonida alisema. Alichukua ufunguo wa mashine mkononi mwa Hhando, akauweka kwenye meza mbele ya Inosenti. "Utakuwa unaifungua wewe. Mzee atakuelekeza."

"Mimi sijui kama nataka kuelekezwa na yeye," alisema Inosenti.

Leonida alirudi kwenye chupa zake. Hhando alikaa, mikono mitupu magotini, akingoja kusikia kama ufunguo ule utachukuliwa.