Makopa Juu ya Paneli za Mnara

Miaka ile simu zilipoacha kuwa za serikali peke yake, kila kampuni ikaruhusiwa kusimika mnara wake, na Kwamsisi nako ukaja mmoja. Ulikuwa mrefu mpaka kunguru wakifika katikati wanatua kwanza, wapumzike, ndipo waendelee. Chini yake ikafungwa jenereta ya dizeli, na ubavuni mwa jenereta ilikuwepo nyumba ya mlinzi, Zaidi Mhina.

Jenereta ile ilikuwa na roho mbaya. Ilinguruma kutwa kucha, mpaka jogoo wa Zaidi akasusa kuwika, akawa anaamsha watu kwa kuwadonoa miguu. Moshi wake uliingia ndani bila hodi. Faudhia, mke wa Zaidi, akianika shuka jeupe anaanua jeusi. Alikohoa, akavumilia, akakohoa tena, hata siku moja akafunga begi lake na kurudi kwao Manundu, Korogwe.

"Siku hilo dude likinyamaza nitarudi," alimwambia mumewe. "Lisiponyamaza, lioe."

Zaidi akabaki nalo. Alilitukana, akalipiga teke, akaumia kidole.

Ndipo kampuni ikamtuma fundi Yordani na lori la paneli za sola. Zilipangwa ndani ya uzio, zimelala mteremko, zinang'aa.

"Kampuni inataka kupunguza dizeli," Yordani aliwaeleza. "Moshi huu una hewa ya ukaa, unaharibu hali ya hewa dunia nzima. Sasa jua litajaza betri, na betri zitalisha mnara. Jenereta itawaka betri zikiishiwa tu."

Bi Hamisa, mama yake Zaidi, aliguna. "Mimi napikia mafiga tangu usichana wangu, mwanangu. Hakuna aliyewahi kuja na lori kuusikitikia moshi wangu."

Lakini dude lilinyamaza. Zaidi akampigia Faudhia simu. "Sikiliza!"

"Nisikilize nini? Sisikii kitu."

"Ndicho hicho!"

Faudhia alicheka mpaka akapaliwa, akaahidi kuja Ijumaa.

Kabla ya Ijumaa hiyo, mbuzi wa jirani yao Ledama waliingia uwanjani kwa Bi Hamisa wakala makopa yake yote, muhogo aliokuwa ameumenya na kuuanika ili asage unga wa bada, ugali wa muhogo. Alimenya mwingine, akaja getini na ungo kichwani.

"Nifungulie. Humu mbuzi hawaingii."

"Mama, kampuni imekataza watu."

"Mimi ni watu? Mimi si mama yako?"

Zaidi alifungua. Bi Hamisa akazipapasa zile paneli, akaziona safi na zina moto kama chungu, akatandaza muhogo wake kuanzia juu hadi chini. Zaidi alikuna kichwa. Akaona jua ni jua, linakausha nguo na mpunga uwanja mmoja bila kupungua. Litashindwaje kujaza betri na kukausha makopa? Kesho yake majirani wakaleta yao. Paneli zikawa nyeupe pe.

Jenereta ikawaka, na haikuzima.

"Fundi, dude limerudi!" Zaidi alipiga kelele kwenye simu.

"Betri hazijai. Nakuja Ijumaa. Dizeli ikiendelea kuisha hivi, kampuni itazing'oa paneli iwapelekee wengine."

Zaidi akashika kichwa. Alizifuta betri vumbi, akaisomea jenereta dua, akaibembeleza kama mkwe aliyenuna. Wala.

Ijumaa Yordani alifika, akasimama getini mdomo wazi. "Zaidi! Mnaanika muhogo juu ya umeme?"

"Jua si lipo, fundi?"

"Lipo, linakula makopa! Paneli isipoonwa na jua ni meza tu! Ondoa!"

Walikuwa wanazoa muhogo kwa mikono miwili pikipiki ilipomshusha Faudhia. Dude linanguruma, moshi umetanda. Hakuingia. Aliweka begi ng'ambo ya barabara, akalikalia.

Zaidi alimpelekea maji. "Kimya kilikuwepo, nakuapia!"

"Basi kakitafute," Faudhia alimjibu, akanywa maji, hakuinuka.

Jua likachapa paneli tupu. Yordani akakagua betri, akasubiri, akakagua tena. Bi Hamisa alikuwa anafunga gunia lake huku akimlalamikia fundi kwa sauti ya kushindana na injini. Ghafla jenereta ikazima, naye yuko katikati ya neno:

"...MKE GANI ANAFUKUZWA NA MOSHI? AJE ANISAIDIE KUMENYA MUHOGO!"

Wanasema huko Bungu milimani watu waliacha kupalilia wakauliza huyo mkwe ni wa nani.

Kwa mara ya kwanza Zaidi alitamani dude liwake. Faudhia akainuka, akapangusa gauni, akavuka barabara na begi lake hadi getini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Za safari?"

"Njema. Nimekusikia."

"Nilitaka usikie," alisema Bi Hamisa, macho makavu.

"Kumenya nitakusaidia. Pa kuanika nitakutafutia, mbali na hapa." Kisha akamgeukia mumewe, akanyoosha kiganja. "Ufunguo wa geti."

Zaidi alikuwa ameiapia kampuni kwamba ufunguo ule hautatoka shingoni mwake. Aliuvua, akampa, akaliingiza begi ndani.